Wasifu wa Bi Pima na Mwanga Uliohamia Mwali wa Pili

Marehemu dada yetu, ambaye mtaani wengi mlimjua kwa jina la Bi Pima, ndiye aliyeniteua kusoma wasifu huu. Hakumteua Kaka Mkubwa, ingawa ana sauti nzuri kuliko yangu na tai anayo. Aliniteua mimi mdogo wake kwa sababu nimefanya kazi ya ukarani mahakamani mpaka nikastaafu, na karani huandika kilichosemwa, basi. Aliniwekea masharti. Nisimfananishe na taa, mshumaa, jua wala nyota. "Nimefanya kazi na mwanga maisha yangu yote," alisema. "Naujua. Hatufanani." Sababu ya sharti hilo mtaisikia mbele. Alinikataza pia kutia chumvi, kwa maelezo kwamba yeye ana presha na mkono wangu mzito. Nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Mei 1953, katika nyumba ya kona nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Baba alikuwa msimamizi wa tanuri pale kiwandani. Mama alikuwa mshonaji, na jina la Bi Pima lilitokana na tepu yake ya kupimia nguo. Marehemu aliichukua tepu hiyo akiwa na miaka sita, akampima kila mtu aliyeingia ndani, pamoja na mgeni aliyekuja kumposa shangazi yetu. Alimzunguka mgeni huyo kiunoni, akasoma namba, akaitangaza mbele ya wazee. Posa haikuvunjika. Shangazi alisema baadaye bora ingevunjika.

Upande wa pili wa ua wetu wa mabati aliishi mvulana wa rika lake, mtoto pekee wa mama mjane. Marehemu alimwita Jirani, naye alimwita marehemu Jirani, na hawakubadilisha hata walipopata digrii. Nitamtaja tena. Yupo hapa, ameketi safu ya nne, na ameniruhusu.

Alisoma shule ya msingi ya kiwandani kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, kisha sekondari ya bweni. Yeye na Jirani walipokezana nafasi ya kwanza na ya pili darasani kwa miaka yote. Muhula ambao Jirani alikuwa wa kwanza, mama yetu alikwenda kuazima chumvi nyumba ya mbali. Mwaka 1973 wote wawili waliingia chuo kikuu kusoma fizikia. Marehemu aliendelea ng'ambo, akapata shahada ya uzamivu mwezi Juni 1981, akarudi na sanduku moja la vitabu na jingine la vitabu. Mama alilifungua la pili akitarajia vitenge, akalifunga.

Tarehe 1 Februari 1982 aliajiriwa katika maabara ya leza, jengo refu lisilo na madirisha lililo mwisho wa barabara ya lami. Jirani aliajiriwa hapo mwaka uliofuata. Mama alitaka kujua mwanawe anafanya nini ndani ya jengo lisilo na dirisha, na mazungumzo yao nayakumbuka kwa sababu nilikuwa nachambua mchele pembeni.

"Tunapasha gesi moto, mama, moto wa kupita kiasi, mpaka atomu zake zinaachia elektroni. Inabaki kitu kinachopitisha umeme na kisichotulia. Kinaitwa plazma."

"Kwa hiyo unalipwa kuunguza hewa."

"Ndiyo, mama. Halafu tunapitisha mwali wa leza humo ndani tuone utatokea wapi."

"Kwani haijulikani utatokea wapi?"

"Ingejulikana nisingelipwa."

Mama aliridhika na jibu hilo mpaka alipofariki. Kwa usahihi zaidi, kazi ya marehemu ilikuwa kufuatilia mwanga unapopita katika plazma. Sehemu yake hupenya. Sehemu hupinda. Sehemu hugeuka na kurudi ulikotoka, na ikirudi na nguvu inaweza kuunguza vioo vilivyoituma. Yeye alitaka kujua hesabu yote: umeingia kiasi gani, umetoka kiasi gani, na uliobaki uko wapi.

Maabara hiyo ilikuwa na desturi moja ambayo ni lazima niieleze. Leza na plazma vilikuwa kwenye vyumba viwili, na kwenye chumba cha plazma kulikuwa na tungi kubwa la chuma lililonyonywa hewa. Kila aliyeingia chumba hicho alichukua ufunguo wake kutoka ubao wa mlangoni. Ubao uliungwa na umeme wa leza, hivyo ndoana moja ikiwa tupu, leza haifyatuki, hata mkurugenzi apige magoti. Ufunguo usiporudi, maana yake mtu bado yuko ndani. Zikirudi zote, msimamizi alitangaza, "Funguo zimetimia," ndipo kazi ikaendelea. Marehemu alikuwa msimamizi kwa miaka mingi. Nyumbani pia hakulala mpaka aulize, "Funguo zimetimia?" Mwanawe wa kiume alipokuwa kijana aliona ni mateso, na sasa anawauliza wanawe vivyo hivyo.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 15 Desemba 1984, na fundi wa vioo wa maabara hiyohiyo, ambaye sote tunamwita Fundi. Uchumba wao ulianza kwa malalamiko. Fundi alikuwa anasugua kioo kwa wiki nzima, marehemu anakiunguza kwa mpigo mmoja, na Fundi anakuja mlangoni kusema, "Kioo chako kimeungua tena." Siku moja alikuja kusema hivyo na kioo kilikuwa kizima. Marehemu alikitazama, akamtazama yeye, akasema, "Kaa basi." Walijaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo haimo katika ratiba mlizoshika. Msipekue, haimo. Marehemu aliniagiza isomwe. Kaka Mkubwa alipinga palepale kitandani, hospitali.

"Aliyekufa hasemwi," alisema.

"Sisemwi," marehemu akajibu. "Najisema. Tena sijafa."

Baada ya kifo tulibishana sana, nikapendekeza tufuate maneno yake kama yalivyotamkwa. Alisema isomwe, hakusema ichapishwe. Kaka Mkubwa akashinda kwenye karatasi, mimi nikashinda kwenye sauti. Kaka, nakushukuru. Na usinyanyuke, nakuona.

Mwaka 1991 maabara ilipitisha miali miwili ndani ya plazma kwa wakati mmoja. Mwali wa kwanza ndio uliopimwa. Wa pili ulikuwa msaidizi tu, wa kuongeza joto, na ulipotoka ng'ambo ya tungi ulikutana na kizuizi, kipande cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, kilichowekwa hapo usije ukamjeruhi mtu. Matokeo yakawa kwamba mwali wa kwanza ulitoka umepungua sana. Marehemu alipima mbele, akapima na mwanga unaorudi nyuma, hesabu haikutimia. Akatangaza kwamba plazma inameza mwanga kuliko ilivyodhaniwa. Matangazo hayo yalisomwa mbali, na yeye akapewa uongozi wa kitengo.

Jirani hakukubali. Alikuwa ameona kwamba alama ya kuungua kwenye kile kizuizi inakua. Mwali wa pili ukipita peke yake, alama ndogo. Ikipita yote miwili pamoja, rangi inabanduka. Alisema mwanga haujamezwa, umehamia mwali wa pili, na akaomba kizuizi kitolewe, kipima nguvu kiwekwe mahali pake.

Marehemu alikwenda kukitazama kizuizi. Akaona rangi imebanduka kweli. Akaagiza kipakwe rangi upya.

Hayo ni maneno yake, naye alinitaka nitue hapo kidogo. Aliyepaka ni Fundi, ambaye anasema aliambiwa apake, akapaka.

Kwenye mkutano wa maabara, tarehe 18 Oktoba 1991, Jirani alisimama kutetea hoja yake, na marehemu akamuuliza mbele ya wote, "Siku hizi tunapima mwanga kwa kutazama rangi imebanduka wapi? Basi tuajiri wapaka rangi." Watu walicheka. Ombi la Jirani likakataliwa, na ikaandikwa kwamba alileta madai bila vipimo. Vipimo hivyo ndivyo alivyokuwa akiomba aruhusiwe kuvichukua. Aliondoka wiki hiyohiyo akaenda kufundisha chuo cha ualimu. Aliondoka na ufunguo wake mfukoni, kwa hasira au kwa kusahau, na leza haikufyatuka mpaka fundi umeme alipoiunganisha ndoana yake kwa waya. Huku mtaani habari ilifika imevimba kama kawaida ya habari: kwamba mtoto wa mjane amefukuzwa kwa kughushi namba. Mama yake aliacha kupita mbele ya kwetu. Alizunguka nyuma ya kiwanda, kwenye vumbi, kwenda sokoni.

Mwezi Machi 1999 dirisha la tungi lilipasuka, na ili kulibadilisha ilibidi kizuizi kiondolewe. Marehemu alikuwa na kipima nguvu cha akiba. Alisema hakujua kwa nini alikiweka pale. Mimi nadhani alijua. Miali ilipopita pamoja, mwanga wote uliokuwa haujulikani ulipo ulikuwa pale, kwenye mwali wa pili. Alirudia mpaka mafundi wakamwomba waende kula.

Alinieleza jikoni kwangu siku hiyo, na hapa naomba wale wa maabara wanivumilie. Miali miwili ikikutana ndani ya plazma, inaitikisa, na mtikisiko unafanya matuta kama ya bati. Mwanga wa mwali mmoja ukigonga matuta hayo unakengeuka na kufuata njia ya mwenzake. "Mvua imenyesha juu ya paa letu," alisema, "maji yamejaza pipa la kina Jirani. Na mimi nilisimama kwenye pipa letu, nachungulia, naapa kwamba paa limekunywa maji." Alikuwa analia. Sikuwa nimemwona akilia tangu msiba wa baba, na sikujua nifanye nini, nikamwongezea chai.

Aliandika masahihisho, yakachapishwa mwaka huohuo, yakiwa na jina la Jirani kama mtu wa kwanza kueleza jambo hilo. Alijiuzulu uongozi wa kitengo. Kisha akaniomba nimsindikize ng'ambo ya ua. Ilikuwa hatua chache, lakini hatukuwa tumezipiga kwa miaka minane. Jirani alitutolea viti nje. Mama yake alikuwa mlangoni, anatunga uzi kwenye sindano.

"Ulikuwa sahihi," marehemu alisema.

"Najua."

"Nimeandika. Imechapishwa."

"Wapi?"

Marehemu akataja jarida.

"Linasomwa na watu wangapi?"

"Wanaohusika? Labda arobaini. Dunia nzima."

Jirani akageuka kumtazama mama yake. "Huyu hayumo kwenye hao arobaini. Wala huyu muuza mkaa, wala mwalimu mkuu. Ulinicheka mbele za watu, Jirani. Umeniomba radhi kwenye maktaba."

"Mnasema nini?" mama akauliza.

"Mambo ya kazini, mama."

Hakuwa mkali. Alitusindikiza hadi kwenye kona. Lakini marehemu alilibeba neno lile, na kuanzia hapo kulikuwa na jambo moja tu alilolitaka: mtaa huu usikie kwa masikio yake, mama yake Jirani akiwemo.

Alijaribu mara moja. Ilikuwa harusi ya binti wa Kaka Mkubwa, Septemba 2000, mtaa mzima umealikwa, mama yake Jirani ameketi meza ya wazee. Marehemu aliomba kipaza sauti. Mshereheshaji akadhani ni nasaha. Marehemu, ambaye hakujua kuanza jambo mahali pengine isipokuwa mwanzo wake, akasema: "Miali miwili ikikutana ndani ya plazma, mmoja humpa mwenzake nguvu yake." Vigelegele vikapasuka. Akanyanyua mkono kuwatuliza. "Nguvu hiyo haipotei," akasema, na bendi ikaanza kupiga. Bwana harusi alimkumbatia. Mama yake Jirani alisimama akapiga makofi pamoja na wengine, akasema kwa sauti kwamba Bi Pima amesoma lakini ana maneno matamu. Marehemu alirudisha kipaza sauti, akaja kukaa karibu nami, akasema, "Wamedhani ni fumbo." Ndiyo maana leo hakuna fumbo. Mwanga ninaousema ni mwanga, na kosa ninalolisema ni kosa.

Mama yake Jirani alifariki tarehe 2 Julai 2006 bila kuambiwa. Marehemu alikwenda mazikoni akasimama nyuma kabisa. Aliniambia hilo ndilo jambo pekee maishani mwake ambalo halina tena namna ya kurudiwa kupimwa.

Alistaafu tarehe 31 Mei 2013. Maabara ilikuwa imepata mitambo mipya, ikampa ubao wa zamani wa funguo kama zawadi ya kumuaga, na Fundi akaupigilia misumari ukumbini kwao. Tulitundika hapo funguo za nyumba, za stoo, za baiskeli. Ndoana moja aliikataza. Mjukuu alipotundika mwavuli hapo alipewa hotuba. Sote tulijua ni ya nani.

Mwaka 2019 alianza kuugua figo. Alitibiwa hospitali ya wilaya, kisha hospitali kuu, na kwa kuwa ni yeye, aliwauliza wauguzi mashine yao inakosea kwa asilimia ngapi. Hawakukasirika. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, na yule muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekwenda kuuliza akarudi na jibu. Wiki zake za mwisho alinisomesha sehemu hii niliyoisoma mpaka nikaweza kuieleza bila kusita, akinisahihisha kama mwanafunzi. Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 8 Machi 2022, saa nne asubuhi, Fundi akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka 68.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, kaka mmoja, na mimi.

Sasa nirudi kwa aliye safu ya nne. Wana mtaa, mliokuwepo mwaka ule na mliozaliwa baadaye mkarithi maneno: mtoto wa mjane hakughushi namba yoyote. Alisema kweli, akachekwa, na aliyemcheka ni dada yangu, na alikosea. Hilo ndilo alilotaka mlisikie. Mama yake Jirani angekuwa hapa ningemwendea kitini kwake nikamwambia sikioni. Inaniuma kwamba hayupo, na ilimuuma marehemu mpaka siku ile ya Jumanne.

Leo asubuhi, kabla hatujatoka nyumbani kwa marehemu, nilimpa Jirani karatasi hii aisome kwanza, kwa sababu jina ni lake. Aliisoma amesimama ukumbini, miwani ameishusha puani. Alinisahihisha mahali pamoja. Niliandika kwamba mwali wa pili uliiba mwanga. "Hauibi," alisema. "Unahamishiwa. Jirani angekusimanga." Nikafuta, nikaandika upya.

Kisha akaingiza mkono mfuko wa koti, akatoa ufunguo mdogo wenye kibati cha shaba. Hakuniuliza ni ndoana ipi. Aliutundika, akautuliza kwa kidole uache kuyumba.

"Kama kuna nafasi mwisho wa karatasi," aliniambia, "andika kwamba nimetoka."

Nafasi ipo. Nimeandika.

Dada, funguo zimetimia. Lala salama.